Kiongozi asiyetaka kiti: The Twelve Kingdoms, Log Horizon, Slime au Overlord?

Anime za isekai, zile ambazo mtu wa kawaida hujikuta ghafla katika ulimwengu mwingine, nyingi humpa mhusika wake nguvu kwanza na kazi baadaye. Zipo chache zinazokwenda kinyume: mtu anabebeshwa watu wa kuwaongoza kabla hajaomba, na pengine baada ya kukataa. Ukiuliza mashabiki wakutajie za namna hiyo, majina manne hayakosi kujitokeza, na kila anayekutajia lake atakuapia kwamba ndilo bora. Ndiyo maana watu wengi wanabaki njia panda. Zote nne zinamhusu kiongozi asiyetaka uongozi, lakini ukishaziangalia unagundua zinauliza maswali tofauti kabisa.

Nimeziweka pamoja hapa ili uchague kwa kujua unachokwenda kukutana nacho. Ili kuzilinganisha imenibidi nifichue baadhi ya matukio, ya mwanzo na ya katikati. Asiyependa spoila aruke moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano. Kwanza, kwa nini mtu huyu hautaki uongozi. Pili, nani ana ujasiri wa kumwambia hapana. Tatu, akikosea nani anaumia. Nne, je, anabadilika yeye mwenyewe, au ni cheo na nguvu tu vinavyoongezeka. Tano, utahitaji muda na subira kiasi gani.

Kigezo cha pili ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kukubali kiti ni jambo la episodi moja. Kukua kunaonekana baadaye, pale mkubwa anapokosea mbele ya wanaomtegemea na akapatikana mtu wa kumweleza usoni. Hadithi isiyo na mtu huyo inaweza kuwa tamu sana, ila huwa inasimulia jambo lingine, na ni vizuri ujue mapema.

Zenyewe kwa ufupi

*The Twelve Kingdoms* (2002 hadi 2003, episodi 45, studio ya Pierrot) imetokana na riwaya za Fuyumi Ono. Youko Nakajima, mwanafunzi wa sekondari nchini Japani, anafuatwa shuleni na mwanamume mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, anayepiga magoti mbele yake na kumsihi akubali kiapo. Viumbe wa kutisha wanawaandama, madirisha yanapasuka, na msichana anakubali bila kuelewa. Baadaye sana ndipo anapojua kwamba mtu yule, Keiki, ni kirin (mnyama mtakatifu anayeweza kuvaa umbo la mtu) wa ufalme wa Kei, na kwamba neno lile moja limemfanya malkia.

*Log Horizon* ilianza 2013 na ina misimu mitatu. Wachezaji 30,000 wa Japani wanajikuta wamefungiwa ndani ya gemu ya mtandaoni, Elder Tale. Miongoni mwao yumo Shiroe, kijana wa miwani, fundi wa mikakati.

*That Time I Got Reincarnated as a Slime*, ambayo kila mtu huiita Slime tu, ilianza 2018 kwa kazi ya studio ya 8bit. Mwajiriwa wa miaka 37 anachomwa kisu akimkinga mwenzake wa kazini, anakufa, na anazaliwa upya akiwa tone la ute ndani ya pango. Anapewa jina la Rimuru. Muda si muda ana kijiji, halafu mji, halafu nchi.

*Overlord* ilianza 2015 chini ya studio ya Madhouse, ikafika misimu minne ya episodi 13 kila mmoja, na filamu mwaka 2024. Mfanyakazi wa ofisini mpweke anabaki ndani ya gemu aliyoipenda hadi dakika ya mwisho ya kuzimwa kwake. Gemu haizimiki. Anajikuta ana mwili wa mifupa mitupu, mtawala wa kaburi kubwa la Nazarick, na watumishi ambao jana walikuwa picha za kompyuta leo wanamwinamia na kumwita bwana mkuu.

Kwa nini hataki

Youko ndiye mwenye sababu nzito kuliko wote, na sababu hiyo inabadilika njiani. Mwanzoni ni msichana anayeishi kwa kuwaridhisha watu. Hata nywele zake zenye wekundu zinawakera wazazi na walimu, naye badala ya kujitetea anaomba radhi. Akishatupwa katika ulimwengu mwingine peke yake, anawindwa kama mhalifu. Mwanamke anayemkaribisha nyumbani anataka kumuuza danguroni, na mzee wa Kijapani, mtu wa kwao, anamwibia. Anaanza kuwa mkali, halafu katili. Panya mkubwa anayetembea kwa miguu miwili, Rakushun, anamwokota kwenye mvua na kumuuguza. Siku wanaposhambuliwa nje ya lango la mji na Rakushun kuanguka, Youko anakimbia na kumwacha pale chini. Kisha linamjia wazo la kurudi ili ammalize, asije akamtaja. Anaposikia hatimaye kwamba yeye ndiye malkia wa Kei, anakataa kwa sababu anakumbuka saa ile nje ya lango. Ameshajiona undani wake, na anaogopa kukabidhi watu kwa mtu kama huyo.

Shiroe anakataa kwa sababu alishatumiwa. Tangu zamani ndani ya gemu watu walimfuata kwa ujuzi wake, akachoka, akaamua asijiunge na chama chochote, yaani kikundi cha wachezaji. Kazi haimwogopeshi, maana hupanga mambo usiku kucha kwa ajili ya wengine. Anachokimbia ni kufungamana na watu.

Kwa Rimuru kusita ni kwepesi mno. Majini wadogo wanyonge, wale goblini, wanamlilia awakinge na mbwa mwitu, naye anakubali karibu papo hapo. Anachotamani ni kukaa raha, kula vizuri na kuwa na marafiki, ila majukumu yanamzidi kimo kila anapomsaidia mtu mmoja zaidi. Ukitafuta msukosuko wa moyoni katika episodi za mwanzo hutauona, na usiulazimishe uwepo.

Yule mfanyakazi wa ofisini wa Overlord, ambaye sasa anajiita Ainz Ooal Gown, hana hata nafasi ya kukataa. Watumishi wa Nazarick waliumbwa na wenzake waliokwisha kuiacha gemu, na wamebaki na yeye tu. Anaogopa wakimjua kuwa ni mfanyakazi wa kawaida watavunjika moyo, au watamgeuka. Kwa hiyo kukataa kwake kunabaki kichwani. Sisi watazamaji tunasikia mawazo yake yakihangaika, wao wanasikia sauti nzito ya mfalme. Zipo nyakati anajifungia chumbani kufanyia mazoezi namna ya kusimama na kunyoosha mkono kifalme. Mtu yeyote aliyewahi kupandishwa cheo kabla hajawa tayari ataitambua hofu hiyo.

Nani anamwambia hapana

Hapa ndipo zinapoachana.

The Twelve Kingdoms imeujenga ulimwengu wake mzima juu ya swali hili. Kirin humchagua mfalme kwa amri ya Mbingu, lakini mfalme akipotoka kirin huugua, na kirin akifa mfalme naye hufuata. Uongozi mbaya unaonekana kwenye mwili wa kiumbe aliye karibu nawe. Youko anajua kwamba malkia aliyemtangulia alimpenda Keiki hadi akawafukuza wanawake nchini, na mwisho wake ulikuwa kifo. Lakini anayemwambia Youko ukweli wa kila siku ni Rakushun, ambaye kwao nusu mnyama kama yeye hana haki za raia kamili. Hamwogopi malkia. Wala hamlaumu kwa kuachwa njiani, ingawa hasahau. Keiki mwenyewe hukosoa kwa baridi na kwa kuguna, na sehemu nzuri ya hadithi ni wawili hao kujifunza kusemezana.

Log Horizon nayo imejaa watu wazima wanaobishana. Nyanta, mwenye sura ya paka na upole wa mzee wa familia, ndiye anayemweka Shiroe chini na kumwonyesha kwamba wenzake wawili, Naotsugu na Akatsuki, wamekuwa wakimsubiri siku zote awaalike, naye hathubutu. Baadaye linaundwa Baraza la Meza ya Duara lenye vyama 11 mjini Akihabara, na humo Shiroe hana amri ya mwisho. Analazimika kushawishi. Mimi hufurahia sana hizi episodi za mikutano, kwa sababu kila mjumbe ana hoja yake na hakuna aliyewekwa pale apigwe na butwaa tu.

Katika Slime wanaomkosoa Rimuru wapo wachache. Gazel, mfalme wa mbilikimo, humchunguza na kumfunza namna mfalme anavyopaswa kujibeba. Nyumbani kwake, hata hivyo, upendo umetawala kiasi kwamba pingamizi ni nadra. Great Sage, ile sauti iliyo kichwani mwake, humpa taarifa na hesabu, lakini haimkemei.

Overlord haina mtu huyo hata mmoja, na hilo ni kusudi la mwandishi. Ainz akikosea, mtumishi wake Demiurge hulitafsiri kosa kuwa mpango wa kina usiofikiwa na akili za kawaida. Ainz aliwahi kutamka maneno mepesi chini ya anga ya usiku kuhusu kuutwaa ulimwengu, na watumishi wake wakayafanya sera ya dola. Kipo kisa kimoja cha kipekee, cha mtumishi Cocytus katika msimu wa pili: ameshindwa vita na watu mijusi, anatakiwa kuwaangamiza, naye anaomba wasamehewe kwa sababu ameheshimu ujasiri wao. Tazama jinsi chumba kinavyoganda anapofungua mdomo. Ainz anafurahi kwamba mtumishi amefikiri mwenyewe, na kwa dakika chache unaona Nazarick ambayo ingeweza kuwepo.

Akikosea, nani anaumia

Slime inastahili kuzungumzwa kwa urefu hapa, maana ndipo inapokomaa. Katika msimu wa kwanza Rimuru anaweka sheria chache, mojawapo ikiwa kutowadhuru binadamu. Ni sheria nzuri ya mtu mwema aliyewahi kuwa binadamu. Katika msimu wa pili ufalme wa Falmuth unaushambulia mji wake yeye akiwa mbali, na raia wake wanasita kujihami kwa sababu ya sheria hiyohiyo. Anaporudi anakuta maiti zimelazwa uwanjani, mlinzi wake Shion akiwa mmoja wao. Rimuru haelekezi lawama kwa adui peke yake. Anajua neno lake limewafunga mikono watu wake. Kiongozi mpole hapati somo gumu kuliko hilo.

Kinachofuata ndicho kinachowagawa watazamaji. Anaamua kuwa mmoja wa wafalme wa mashetani, analiangamiza peke yake jeshi la watu 20,000 kwa miale ya jua iliyokunjwa kupitia matone ya maji, na kwa nguvu anazozipata anawarudisha wafu wake. Wote. Wapo wanaoona hapo ndipo anapokuwa mfalme kweli, kwa kubeba doa ambalo halifutiki. Wapo wanaosema gharama imefutwa, kwa kuwa waliokufa wamefufuka. Mimi naona doa linabaki lakini kidonda kinapona haraka mno, na mji unarejea kwenye vicheko kabla hatujapata nafasi ya kuomboleza.

Katika Overlord wanaoumia ni walio nje ya kuta. Vita vya uwanda wa Katze katika msimu wa tatu ni mauaji ya halaiki yanayofanywa na mtu tunayemsikia akijiuliza mambo ya kawaida kabisa. Mwili wake wa mfu humzimia hisia kila zinapopanda. Anayependa Ainz akiwa mtu wa kuchekesha na kuhurumiwa atapata shida hapa, na inafaa aipate.

Kwa Youko wanaoumia ni wananchi. Baada ya kutawazwa hajui kusoma maandishi ya nchi yake wala desturi zake, mawaziri wanaguna, na yeye anaanza kutia sahihi kila wanacholeta ili wasimnunie, tabia ileile ya shuleni. Huku mikoani watawala wanakamua watu. Mtoto anagongwa na gari la kukokotwa la mkubwa mmoja na kuachwa afe. Suzu, msichana wa Kijapani aliyefika ulimwengu huo karne moja nyuma, anaamini malkia ndiye anayelaumiwa, na anaondoka kwenda kumuua. Tunamfahamu Youko, tunajua hana ubaya, na bado hatuwezi kusema Suzu amekosea kabisa.

Log Horizon ina bei ya kimyakimya: ukifa unafufuka, lakini kila kifo kinakuondolea kumbukumbu kidogo za nyumbani ulikotoka.

Je, anabadilika

Youko, ndiyo, na mabadiliko yanaonekana kwa macho. Anaondoka ikulu, anakwenda kuishi kijijini kwa mzee Enho kama mtu wa kawaida, na anaishia kushika upanga ndani ya uasi dhidi ya maofisa wa serikali yake mwenyewe. Amri yake ya kwanza akiwa malkia ni kufuta desturi ya kusujudiana, isipokuwa kwenye sherehe rasmi. Msichana aliyeishi ameinamisha kichwa anawaambia watu wainue vyao. Hakuna pigano katika anime hizi nne linalonigusa kama tangazo hilo.

Shiroe anabadilika polepole, na hurudi nyuma. Mwanzoni anaununua kwa siri ukumbi wa vyama vyote vya Akihabara na kuwatia wenzake kabali ili wakae mezani. Kazi inafanyika, lakini ni ubabe wa mtu asiyeamini watu. Katika msimu wa pili anakufa vitani, na katika hali ile ya kati ya kufa na kufufuka anakiri moyoni kwamba amekuwa akibeba kila kitu peke yake kwa kuogopa kuomba. Kujua hivyo hakumponyi mara moja, jambo linalonifanya nimwamini zaidi.

Rimuru anapanuka kuliko anavyobadilika. Wema wake ni uleule, ila anajifunza kwamba unahitaji ulinzi. Ainz naye anakwenda upande wa pili: cheo kinapanda, ubinadamu unapungua. Ukiangalia msimu wa nne baada ya ule wa kwanza utagundua vitu vilivyokuwa vikimshtua sasa anavipitia kama makaratasi ya ofisini. Hayo pia ni mabadiliko ya tabia, na yameandikwa kwa makini.

Muda na subira

The Twelve Kingdoms ina mwanzo mzito. Youko analia na kutangatanga episodi nyingi, na wengi huachia hapo. Ukivuka hadi anapokutana na Rakushun utashukuru. Michoro ni ya zamani, na baadhi ya visa, kikiwemo cha Taiki, kirin mwingine aliye bado mtoto, havifikishwi mwisho.

Log Horizon inazungumza sana uchumi, mikataba na kanuni za gemu. Msimu wa pili ulihamia studio ya Deen na sura zikabadilika kidogo, wa tatu ulikuja 2021 na una episodi 12 tu. Slime ni nyepesi kuanza, lakini msimu wa tatu, wa 2024, umejaa vikao. Overlord haina tabu ya kuingia, ingawa husimama mara kwa mara kufuata watu wa pembeni ambao hatima yao si nzuri.

Uchague ipi

Kama umepewa dhamana karibuni, uwe kiranja, mwenyekiti wa kikundi au msimamizi kazini, na usiku unajiuliza kama unastahili, anza na The Twelve Kingdoms. Jipe hadi episodi ya 14 kabla ya kuamua. Kama kinachokusumbua ni kuigiza unajua wakati hujui, episodi tatu za kwanza za Overlord zitakukamata haraka zaidi.

Kama unapenda kuona mambo yanavyoendeshwa, nani analipa, nani anapiga kura, nani anasusa, chagua Log Horizon. Inamfaa pia mtu anayefanya kazi nyingi nyuma ya pazia na kukwepa kutajwa.

Umechoka, unataka kitu cha kukupa moyo baada ya kazi, na unataka watu wapendane? Slime. Ukiwa na bando dogo, msimu wa kwanza unajitosheleza. Ila ukisimama hapo utakuwa hujaiona sehemu inayomjaribu Rimuru hasa, iliyo katikati ya msimu wa pili.

Ukitazama na wadogo zako, Slime ndiyo salama zaidi mwanzoni, ingawa kisa cha Falmuth kina damu na huzuni, na ni vizuri uwepo. Overlord usiwawekee watoto. The Twelve Kingdoms inamfaa kijana wa sekondari mwenye subira, hasa msichana anayechoka kuwaridhisha wote.

Na kama falme na majeshi vinakuchosha lakini bado unamtaka kiongozi asiyependa kazi, ipo Ascendance of a Bookworm, iliyoanza 2019. Myne anataka vitabu tu. Katika msimu wa pili, wa 2020, anakuta watoto yatima wanakufa njaa ndani ya hekalu, anaambiwa akitaka wasaidiwe awe mkuu wao, na anasita kwa sababu muda wa kusoma utapungua. Ni uongozi wa uji, sabuni na vyumba vya kulala. Kwa baadhi yenu hiyo ndiyo itakuwa mlango bora kuliko zote nne.